Chumba Kimoja Nyuma ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Julai 1972

Madirisha ya nyumba ya mtemi yamefunguliwa! Nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa juu ya baiskeli ya mteja. Nilimwambia naenda kujaribu breki. Breki zikanifikisha mpaka kilimani Igalamba, si kosa langu.

Tangu watemi waondolewe, baada tu ya uhuru, nyumba ile ilikuwa stoo ya pamba ya chama cha ushirika. Ghorofa nzima ya matofali ya kuchoma, nguzo nene barazani, imejaa magunia na panya. Sasa pamba imetolewa. Kamati ya kijiji imekusanya vitu vya mtemi vilivyokuwa vimetawanyika majumbani mwa watu, na siku ya Sabasaba nyumba inafunguliwa kuwa makumbusho. Mgeni wa heshima anatoka mkoani. Anatafutwa mtu wa kuwatembeza wageni na kuwasimulia.

Mtu huyo ni mimi. Sauti ninayo. Historia naijua nusu, na hiyo nusu nyingine haiwezi kunishinda.

Jioni kilabuni nikateleza kidogo. Eustace, karani wa mizani ya pamba, alikuwa anatamba kwamba mkuki uliotundikwa sebuleni kwa mtemi ni wa babu yake, na kwamba kila ukoo wa maana hapa Igalamba una kitu chake mle ndani. Kisha akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, ukoo wangu una nini. Kilabu kizima kikanigeukia. Nikasema babu yangu Mageni ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa mtemi, ile ngoma kubwa yenyewe.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu, na ilipotoka ilikuwa tamu.

Ninachokijua hasa kuhusu babu ni kidogo. Marehemu baba, kila alipopita mbele ya nyumba ile, alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani, halafu akaivaa na kuendelea na safari. Nikimuuliza, alisema baba yake alifanya kazi humo. Kazi gani, hasemi. Amekufa hajasema. Basi mtu asipoambiwa, afanyeje?

Eustace akaweka sharti mbele ya watu. Siku ya Sabasaba jina la Mageni likitajwa penye ngoma, yeye atanibebea kigoda changu kichwani mpaka uwanjani, wachezaji wote wakitazama. Lisipotajwa, nitacheza ngoma upande wa Wagalu, kundi la wapinzani wetu.

Mimi, nicheze na Wagalu! Nimezaliwa katika Wagika, nimechanjwa dawa za Wagika, na kila mwaka baada ya mavuno tunashindana na Wagalu na kuwashinda, au angalau tunasema tumewashinda. Nikakubali sharti. Pombe ilikuwa nzuri.

Jumanne, 4 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Marselino, mwenyekiti wa kamati, nimevaa shati la kanisani. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za pamba. Nikamweleza kuwa fundi baiskeli kama mimi anazoea kuongea na watu wa kila aina, tena huku mikono inafanya kazi. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akasema nafasi imekwisha kupata mtu. Ni Bibi Nyamizi, aliyeingia mle ndani akiwa msichana, akamtumikia mke mkubwa wa mtemi mpaka utemi ukaisha.

Bibi Nyamizi ni mama mkwe wangu.

Nilikaa kwenye gogo nje kwa Mzee Marselino mpaka jasho likakauka. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Nikimwona anakuja njiani, naacha njia, naingia kichakani, nampa mgongo mpaka apite. Mwaka jana kichaka kilikuwa cha upupu. Nilijikuna wiki nzima, kwa heshima.

Sasa fikiria. Mtu mmoja tu duniani ndiye anayeweza kumtaja babu yangu mbele ya ngoma, na mtu huyo ndiye nisiyeweza kumwuliza hata saa ngapi.

Nikamwomba mke wangu, Mama Justa, amwendee mama yake, ampenyezee kwamba mpiga ngoma alikuwa Mageni. Akaniuliza kama kweli alikuwa Mageni. Nikamwambia hilo si swali la mke kumwuliza mume. Akasema basi si ujumbe wa mtoto kumpelekea mama, na akaendelea kuchambua mchicha.

Jumatano, 5 Julai

Nimeingia! Nilipiga hesabu: mchana mama mkwe atakwenda kula. Nitaingia kwa mlango wa jikoni, nitaitazama ngoma, huenda ina alama ya babu, nitatoka.

Hakwenda kula. Alikuwa anafanya mazoezi na walimu wa shule ya msingi, anawatembeza kama wageni. Nilimsikia sebuleni nami niko jikoni. Miguu ikaniambia nitoke. Masikio yakakataa.

Sijui niandikeje. Mama mkwe wangu nimemjua miaka yote hii kama kisogo, kitenge na vumbi la njia. Sikujua ana sauti namna ile. Alikuwa anawaambia walimu kwamba kile kipande cha kombe jeupe la baharini, duara, ukubwa wa kiganja, ndicho mtemi alichokivaa kwenye paji la uso siku ya kutawazwa, kwamba kilitoka pwani mikononi mwa watu wa misafara kabla ya reli, na kwamba kwa kipande hicho watu walitoa ng'ombe. Alisema taratibu, bila kubembeleza. Walimu hawakukohoa.

Walipohamia chumba cha pili, mimi nikaingia sebuleni. Nikaliona kombe lenyewe, juu ya kitambaa chekundu. Walipohamia cha tatu, nikaingia cha pili. Hivyo ndivyo nilivyoitembelea nyumba: kwanza nasikia ukutani, halafu naona. Nawaambia, hakuna njia nzuri zaidi. Akisema kiti cha mtemi kimechongwa kwa gogo moja bila msumari, unakaa unakiwaza kiti hicho kichwani, na ukiingia unakikuta kimezidi ulivyokiwaza.

Ngazi ni za mninga. Zimechakaa katikati kwa nyayo za watu, lakini kingo bado zinang'aa. Juu, mwisho wa ngazi, ipo ngoma yenyewe, imesimama juu ya kigogo, inanifika kifuani. Na nyuma yake dirisha la vioo vya rangi: vyekundu, vya kijani, vya manjano. Jua lilikuwa linapita humo na kumwaga rangi sakafuni. Nilisahau kutafuta alama ya babu. Nilisimama tu nikiangalia miguu yangu imekuwa ya kijani.

Hapo ndipo nikasikia wanarudi.

Mlango wa karibu ulikuwa wa bafu. Nikaingia. Hakuna mlango wa kutokea. Kulikuwa na kitu kirefu cha chuma, chenye miguu. Mimi nilidhani ni birika la kunyweshea ng'ombe, nikashangaa wamelipandishaje ghorofani. Nikalala ndani yake. Chuma cha baridi, baridi hasa.

Nyayo zikafika mlangoni. Zikasimama. Kisha mama mkwe akawaambia walimu, nao wamebaki nyuma yake, kwamba humo mna hodhi ambalo mtemi alilinunua ili aoge kama Mzungu. Akaoga mara moja, akasema mtu kukaa ndani ya uchafu wake mwenyewe si kuoga, na tangu hapo akahifadhi humo mbegu za mtama, panya wasizifikie. Leo, akasema, hawataliona. Limewekwa mbegu mbaya. Akawageuza.

Mbegu mbaya! Sikuziona. Lakini cha maana ni kwamba hakuniona.

Usiku Mama Justa aliporudi kutoka kwa mama yake akaniuliza, bila kunitazama, kama mgongo wangu haujashikwa na baridi. Wanawake wanajuaje mambo?

Alhamisi, 6 Julai

Nimempelekea mama mkwe jogoo. Jogoo mkubwa, yule mwekundu. Kupitia Mama Justa, na maneno machache tu: kwamba mkwe wake anamsalimu, na anaomba kesho, penye ngoma, amkumbuke Mageni. Sikusema mpiga ngoma. Nilikuwa mwangalifu.

Jibu limerudi kabla ya chakula cha jioni. Bibi Nyamizi amepokea jogoo. Anasema Mageni anamkumbuka vizuri sana, na ngoma ile hawezi kuisimulia bila yeye.

Gete, kweli kabisa! Hawezi kuisimulia bila yeye!

Kumbe nilikuwa nasema kweli tangu mwanzo. Nilijisemea kilabuni kumbe ni damu inasema. Mama Justa akaniambia afadhali nimtume kwanza amwulize mama yake anakumbuka nini hasa, kabla sijaondoka nyumbani. Nikamwambia mtu akikuletea maji humwulizi kisima.

Nikaenda kilabuni moja kwa moja. Nikawaambia wote waje. Nikamwambia Eustace aanze kuizoesha shingo yake, kigoda changu ni cha mti mzito. Nikamwalika hata Mzee Marselino, ingawa ndiye mwenye shughuli.

Nilipokuwa natoka, Eustace akaniuliza, safari hii si kwa kuudhi, ni kwa nini nahangaika hivi kwa ajili ya mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilitaka kumjibu vibaya. Sikuweza. Yeye mkuki wa babu yake anaushika. Mimi nina baba aliyesimama barabarani ameshika kofia, na sijui alikuwa anamwamkia nani.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaeleza sababu.

Watu walikuwa wengi mno. Uwanjani nje Wagika wanacheza huku, Wagalu kule, vumbi juu. Mgeni wa heshima akakata utepe, akasema maneno mazuri kuhusu utamaduni, akaingia. Watu wakamfuata. Mimi nikapita jikoni kama kawaida, chumba kimoja nyuma.

Nyumba imepambwa. Sakafu imesuguliwa, inanukia nta. Mama mkwe alikuwa bora kuliko juzi. Alimsimulia mgeni jinsi matofali yalivyochomwa mtoni, na akina mama walivyoyabeba wakiimba, kila kijiji na wimbo wake, mpaka ukuta ukiuangalia unajua upande upi ni wa kijiji gani. Mgeni akagusa ukuta. Nami nilipofika nikaugusa palepale.

Wakapanda ghorofani wote. Eustace peke yake akabaki chini ya ngazi. Hajawahi kupanda ghorofa, na alisema atasikia vizuri kutoka pale. Mimi nilipitia ngazi ya nyuma ya watumishi, nikajibanza chumba cha kulala cha mtemi, nyuma ya pazia la mlangoni, hatua chache kutoka kwenye ngoma.

Akaanza. Akasema ngoma hii haikuwa ya kuchezea. Ilipigwa mtemi akifa, vita vikija, au siku ya kwanza ya kupanda. Nje ya hapo haikuguswa. Wapigaji walikuwa wa ukoo mmoja, akautaja. Si ukoo wangu.

Kisha akasema: isipokuwa Mageni.

Akasema nyumba ilipokuwa inajengwa, vioo vya dirisha hili vilikuja kwa treni mpaka stesheni ya Isaka. Barabara ilikuwa mashimo, gari la ng'ombe lingevivunja vyote. Akatafutwa mtu wa kuvibeba kichwani, na wote walikataa kwa sababu aliyevunja angejibu kwa mtemi. Mageni akakubali. Akavifunga kwa majani ya mtama, akatembea navyo kutoka Isaka mpaka hapa. Njiani hakuketi, maana akiketi nani atamtwisha tena? Alipumzika amesimama, ameegemea miti. Wakavifungua barazani, hapana kilichokuwa na ufa hata mmoja.

Mageni, akasema, alifurahi kupita kiasi. Wakampa pombe, akanywa, akapanda ngazi hizi kabla hazijakauka rangi, akaipiga ngoma ya mtemi kwa mikono miwili. Nchi nzima ikaja. Nusu wamebeba majembe, wamedhani ni kupanda. Nusu wanalia, wamedhani mtemi amekufa. Mtemi akatoka barazani mzima, akakuta watu wanagaragara chini wakimtaja kwa sifa ambazo hajawahi kuzisikia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Mageni asiadhibiwe, kwa kuwa hakuna mtemi mwingine aliyepata kuusikia msiba wake akiwa hai. Lakini ngoma asiiguse tena.

Watu walicheka, hata mgeni wa heshima. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia nyuma ya pazia la mtu aliyekufa. Nje ya pazia, dirisha lilikuwa linawaka jua. Ukisimama barabarani jioni, pale aliposimama baba, unaliona hilo dirisha kabla ya kitu kingine chochote. Hakuwa anamvulia mtemi kofia. Alikuwa anavivulia vile vioo.

Na jina lilikuwa limetajwa! Penye ngoma! Nikafungua pazia nitoke, nikamwone Eustace.

Mama mkwe alikuwa amesogea pembeni ya mlango kuchukua fimbo yake aliyoiegemeza hapo. Tukaonana. Uso kwa uso, macho kwa macho, karibu kiasi kwamba niliona ana kidoti chini ya jicho, sawa na cha Mama Justa. Sikuwa nimewahi kujua. Watu wakaguna kwa pamoja. Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nikafumba macho, nikageuza kichwa, nikarudi kinyumenyume haraka, kwa adabu zote, mpaka makalio yangu yalipokutana na ngoma.

Ilianguka polepole. Ngazi ya kwanza, du! Ya pili, du! Zote zile za mninga, du, du, du, nyumba nzima inatetemeka. Watu wameduwaa juu, hakuna wa kuizuia. Eustace chini akaiona inamjia, akageuka, akakimbia. Ikamfuata. Mlangoni du, barazani du, kwenye mawe ya mbele du kubwa kuliko zote, halafu ikatulia uwanjani kati ya Wagika na Wagalu.

Ngoma ile haikuwa imesikika tangu utemi uishe. Wachezaji wakasimama. Wazee wakavua kofia. Kikongwe mmoja akaanza kulia msiba, na wengine wakapokea. Kutoka mashambani watu wakaja mbio, na naapa mmoja alikuwa na jembe begani.

Mimi nilikuwa nimeifuata ngoma. Si kwa kupenda. Niliteremka ngazi zile kwa mgongo, ndiyo maana nalala kifudifudi.

Ngoma haijapasuka. Vioo vyote vizima. Mzee Marselino alivihesabu mara mbili, halafu akaniangalia, halafu akavihesabu tena.

Jumamosi, 8 Julai

Mzee Marselino ameamua. Jina la Mageni limetajwa, kwa hiyo Eustace abebe kigoda. Mageni hakuwa mpiga ngoma wa mtemi, kwa hiyo nami nicheze na Wagalu. Tumelipa wote wawili jioni hii. Eustace alikibeba vizuri, tena njiani akaniambia hadithi ya vioo imempita mkuki wake mbali sana. Nami nilicheza na Wagalu, mgongo ukiniuma, na walinishangilia. Nilicheza vizuri, sijui kwa nini. Wagika wenzangu wasisome hapa.

Mama Justa amempelekea mama yake mbuzi jike, mweupe, wa kufuta aibu ya kuonana. Amempokea. Nimepumua.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya misa nilikuwa napita chini ya nyumba ya mtemi. Nikamwona mama mkwe anakuja, anamvuta yule mbuzi kwa kamba. Nikaingia kichakani, nikageuka. Nilikitazama kwanza kichaka. Hakikuwa upupu.

Nyayo zikasimama. Akaanza kuongea na mbuzi.

Akamwambia mbuzi kwamba kuna watu wanaongopa kuwa babu zao walipiga ngoma, na hawajui ukweli ulikuwa mzuri kuliko uongo wao. Kwamba mtu wa namna hiyo akitaka kujua kitu cha nyumba ile, aingie kwa mlango wa mbele kama binadamu, aketi chumba cha pili, na mwenye kusimulia atapaza sauti. Na asilale tena kwenye lile hodhi, lina kutu. Mbuzi akalia. Akamwambia vizuri, umeelewa. Wakaondoka.

Nilibaki kichakani nikafuta macho. Mwanamke gani huyu! Aliniona tangu Jumatano, na hakuniaibisha. Nikatoka barabarani, nikatazama juu. Jua lilikuwa kwenye vioo. Nikavua kofia, nikaishika kifuani, kama baba. Nikaapa palepale: sitaongopa tena kuhusu nyumba hii. Nitauliza kwanza.

Jioni nikapita kilabuni, kidogo tu, kwa ajili ya mgongo. Walinikaribisha kama mtu mkubwa. Nilisimulia vioo, wakataka tena. Nikasimulia ngoma, wakataka tena. Kisha Eustace, kwa wema kabisa, akasema anasikia chumba cha chini mna chungu cha dawa za mvua cha mtemi, kipo kwenye kona, na hakuna anayejua nani alikifinyanga.

Kilabu kizima kikanigeukia.

Nimemwambia Mama Justa anikamatie jogoo yule mwingine, kesho ampelekee mama yake mapema. Amwambie mkwe wake anamsalimu sana, na anaomba, penye kile chungu, amkumbuke bibi yangu.